Ukurasa Nilioupita

Mwezi uliopita nilishuka Rudewa nikiwa na Kitabu cha bibi yangu, Biblia yake, ndani ya mkoba. Mama mdogo alikikuta chini ya sanduku akihamisha vitu vyake, akanipa, akasema mende wameshakula sehemu yao, kilichobaki nitunze mimi niliyekuwa nikikisoma. Nikataka nikirudishe pale nilipokisomea. Lakini palipokuwa na nyumba yetu sasa wanalisha ng'ombe, na kilichosalia ni mkonge mmoja uliojiotea na mawe ya kaburi la babu, aliyekata mkonge wa watu hadi mgongo wake ukakataa. Nikakaa kando yake.

Siku zile za Ujamaa nilikuwa darasa la tatu. Mama alikuwa ameolewa Kidodi, akaniacha kwa bibi, na kazi yangu kubwa pale nyumbani ilikuwa kusoma. Bibi hakujua hata herufi moja, lakini sijaona aliyemzidi kwa kumuuliza Mungu. Watu wengine huomba. Yeye aliuliza, kisha akanyamaza akingoja jibu. Apande mtama lini, amwazime nani jembe, ampelekee mama jirani kuku yupi siku ya Idi, yote aliyauliza, mpaka watu wakamtania kwamba hata chumvi ya mlenda anaiombea.

Alfajiri jembe liliegemezwa mlangoni, na hakuna aliyeligusa kabla Neno halijasomwa. Uji unatokota, moshi unatutoa machozi, tumbo langu linaimba. Bibi alifumba macho, akapapasa Kitabu, akachomeka kati ya kurasa kipande cha kanga yake ya harusi, akanipa. "Soma, mke mwenzangu." Ndivyo alivyoniita, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike. Babu, pamoja na kuwa kaburini, alikuwa mume wetu sote wawili. Lililosomwa ndilo tulilolifuata siku ile. Mwinjilisti wetu hakulipenda jambo hilo. Alisema Mungu si wa kubahatisha. Bibi akamjibu kwa heshima zote, "Mwalimu, wewe unajua kusoma, unachagua. Mimi nisiyejua, Yeye ndiye ananichagulia."

Kisha ikaja operesheni. Jioni moja balozi wetu wa nyumba kumi alipita na kofia mkononi, akatangaza kwamba wote tutahamia kijiji kipya, kando ya barabara ya kwenda Mikumi. Lori la kwanza lingekuja Jumamosi kuchukua watoto wa shule na watu wao. Wazee na wajane waliruhusiwa kungoja mpaka mavuno, ila wao wangekwenda kwa miguu, mizigo kichwani. Mahindi yetu ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa mbelewele.

Mama jirani, mjane kama bibi, hakuzungusha maneno. "Mimi siachi chakula shambani. Na wewe mwenzangu, usiende."

"Nitauliza," bibi akasema.

Akafunga siku tatu, maji matupu. Mimi nami nilikuwa na haja yangu, na nikuambie ukweli wewe rafiki yangu, haikuwa shule wala bomba la maji tuliloahidiwa. Nilitaka kupanda lori. Tangu nizaliwe nilikuwa nimeyaona malori yakipita tu, yakiacha vumbi.

Alfajiri ya Ijumaa bibi alikichomeka kitambaa, akanipa Kitabu. Nilipofungua nikakuta habari za watu waliomwendea nabii awaulizie kwa Mungu, waondoke au wabaki. Wakaambiwa wabaki katika nchi yao, maana wakiondoka, balaa wanalolikimbia litawafuata huko huko. Nililielewa. Usiuangalie umri wangu, nililielewa vizuri kabisa. Nikageuza kurasa taratibu hadi mwanzoni, kwa yule mzee aliyeambiwa aiache nchi yake na nyumba ya baba yake, habari tuliyofundishwa shule ya Jumapili hadi nikaijua kwa moyo. Nikaisoma kwa sauti nzuri, bila kukwama.

Bibi alinyamaza mpaka uji ukafurika na kuzima moto. "Sawa, Baba," akasema, na hakuwa akiniambia mimi. Akalichukua jembe pale mlangoni, akalifunga kwa kamba ya katani pamoja na vyungu.

Juu ya lori sisi watoto tuliimba. Bibi alikaa juu ya mzigo, uso umeelekea tulikotoka, mpaka mikonge ikaliziba kaburi.

Tulikopelekwa palikuwa pori lililopigwa vigingi. Bomba halikuwepo. Mvua ilitukuta katika kibanda cha nyasi, tunahamisha mkeka kutoka pembe hadi pembe, tunakula unga wa kugawiwa. Asubuhi bado nilisoma, lakini bibi hakukichomeka tena kitambaa. Aliniambia tu, "Soma unapotaka." Nilidhani ni uchovu.

Bibi akashikwa na kikohozi, kikageuka kichomi. Mchana mmoja, nikimnywesha maji, machozi yakanishinda. Nilitaka kumwambia nilichofanya, yeye akanitangulia.

"Siku ile ulisoma mwanzo mwanzo, mke mwenzangu," akasema. "Nilisikia karatasi zikigeuka. Mimi kitambaa nilikiweka mbali kule."

"Mbona hukusema, bibi?"

"Nilisema moyoni, labda ni Mungu aliyekugeuza mkono. Mimi nani nimkatalie?" Akanishika mkono huo huo, akaupapasa kama alivyokipapasa Kitabu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo.

Mama jirani alifika baada ya mavuno, debe la mahindi ya shamba letu kichwani. Alikuwa amelilinda pamoja na lake, akifukuza nguruwe. Bibi tulishamzika, ilikuwa wiki ya tatu, mbali na mume wetu. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwa bibi yangu, mjukuu huyo nilikuwa mimi.

Sasa nasali katika kanisa kubwa la bati, lenye vipaza sauti. Tunaambiwa Mungu amesema nini kabla hatujamuuliza. Siwalaumu, maana hata mimi niliwahi kumsemea. Ila kule kunyamaza kwa bibi, jembe likingoja mlangoni, sijakuona tena kwa mtu yeyote.

Pale kaburini nilikifungua Kitabu. Kitambaa kilikuwa bado pale alipokichomeka alfajiri ile, kimegandamana na karatasi kwa unyevu. Nikasoma ukurasa ule kwa sauti, kuanzia nilipopaswa kuanza. Nilipomaliza, nikangoja kusikia, "Sawa, Baba."

Nilisikia ng'ombe tu, wakikata majani.