Picha Kumi na Moja za Fundi Namba

Saa mbili na nusu asubuhi. Fundi Namba anaingia chumba cha kumbukumbu za hospitali, anabwaga mkoba na kuwasha kompyuta kabla hata hajaketi. Mezani pana diski za zamani, chupa ya chai, na karatasi yenye majina kumi na moja. Tisa yamekatwa kwa kalamu.

"Hawa wawili ndio wananikosesha raha," anasema.

Ana miaka thelathini na minne, mume na watoto wawili. Kazi yake ni kuandika programu za kompyuta. Jina hilo la utani alipewa na manesi, wanaodai kwamba hata salamu huijibu kwa hesabu.

Mwaka jana hifadhi ya picha za eksirei ilifurika. Zilikuwa laki tatu, nyingi zikiwa zimehifadhiwa mara mbili. Akaandika programu ya kufuta nakala. Inaichukua picha nzima, inaisaga, inatoa namba moja fupi ambayo watu wa fani yake huiita hashi. Picha mbili zikitoa namba ileile, programu inafuta mojawapo.

Zipo hashi za kulindia siri, nazo huenda polepole. Yeye alichagua ya haraka, ya kupangia na kutafutia vitu tu, na mpaka leo anaitetea.

"Ilipitia picha zote kabla chai yangu haijapoa. Kosa langu ni jingine. Namba zikifanana, unatakiwa uzifungue picha zenyewe uzilinganishe. Mimi nikajiambia, aah, zitagongana lini? Nikaruka."

Zikagongana: picha tofauti zikatoa namba ileile. Kwa picha laki tatu na namba fupi kiasi kile, hesabu ya dakika moja ingemwambia atarajie migongano kama kumi. "Sikuipiga. Mimi, eti Fundi Namba."

Aliyegundua ni mama mmoja mshonaji, aliyekuja na kikohozi. Daktari aliona kivuli pafuni, akafungua picha yake ya miaka mitatu nyuma ili alinganishe. Mama akaikodolea macho skrini.

"Huyu si mimi, daktari. Mimi nilivunjika mtulinga, mfupa huu wa chini ya shingo, nikiwa msichana, ukaunga vibaya. Huyu wake umenyooka."

Picha yake ilikuwa imefutwa, na jina lake likaelekezwa kwenye kifua cha mtu mwingine. Bila ile ya zamani, ingebidi achomwe sindano na kutolewa kipande cha pafu ili kuchunguza kama ni saratani.

Mkuu wa kitengo alishauri waseme mashine iliharibika. Fundi Namba akaenda kwa mshonaji mwenyewe.

"Mama, mashine haina kosa. Niliyeifuta picha yako ni mimi."

Mama alimaliza kwanza mshono aliokuwa nao. "Basi itafute, mwanangu. Kifua ni changu hiki."

Siku nne alipekua diski za akiba. Siku ya nne akaipata ile picha: kivuli kilikuwapo tangu wakati ule, mahali pale pale, ukubwa ule ule, hakijakua hata kidogo. Daktari akaahirisha sindano. Fundi Namba alijifungia chumbani akalia, kwa furaha na kwa aibu.

Sasa programu ina mistari minne mipya: namba zikifanana, inalinganisha picha zenyewe kabla ya kufuta. Inachelewa kidogo tu, wala hakuna aliyelalamika. Orodha ya vilivyofutwa ilikuwa na ukubwa wa kila picha; akaulinganisha na wa zile zilizobaki, na hapo ndipo alipotambua picha kumi na moja zilizoonewa. Tisa zimepatikana. Za dereva wa lori na mwalimu mstaafu hazimo katika diski yoyote.

Mkuu wake anasema asubiri mpaka warudi kutibiwa. Yeye hataki.

"Wakirudi watakuwa wanaumwa. Nataka wajue leo, wakiwa wazima. Nimeomba wapigwe picha mpya bure, angalau tuanze upya. Ya zamani siwezi kuwarudishia."

Anamimina chai, haigusi. Anainua simu, anabonyeza namba taratibu.

"Shikamoo, mwalimu. Hapana, hunifahamu. Napiga kutoka hospitali. Kuna kitu chako nilikifuta."