Ufunguo Nyuma ya Mlango wa Jiko

Dereva yeyote anayenijia akisema ameitwa kazini kwenye kampuni ya malori mawili matatu, mimi simuulizi mshahara. Namuuliza ufunguo wa gari unakaa wapi. Wananicheka. Wanadhani nimezeeka kabla ya wakati, au nina chuki na matajiri wadogo, maana sisi madereva mwenye gari tunamwita tajiri hata kama kandambili zake zimekatika. Sina chuki na mtu. Tajiri wangu wa Buswelu alikuwa mwema kuliko mabosi wote niliopata kuwafanyia kazi, na nilikuwa naye siku niliyonusurika kuua mtu pale kivukoni Kigongo.

Kabla yake niliendesha miaka tisa kwenye kampuni kubwa. Huko nilikuwa namba. Asubuhi unafika getini, unapewa karatasi iliyosainiwa na fundi, unalizunguka gari tairi kwa tairi, unasaini na wewe, halafu unasukumiwa ufunguo dirishani na mtu ambaye hata salamu yako hana haja nayo. Gari likiwa na ubovu, usukani unafungwa kitambaa chekundu, na huligusi hata uwe nani. Ukisimama kwenye mteremko bila kuweka vipande vya mbao mbele ya tairi, unaandikiwa barua. Mimi nilizipata tatu, na zote nilizichana.

Baba mkwe alipofariki walinipa siku moja. Nilifika makaburini watu wameshatawanyika, mashemeji zangu wananitazama kama mgeni. Wiki ile ile nikaacha kazi.

Buswelu kulikuwa dunia nyingine. Malori yalikuwa matatu, na yadi ilikuwa ni uwanja wa nyumba ya tajiri, kuku wakitaga chini ya ekseli. Asubuhi unaingia jikoni kwa mke wake, unakunywa chai na viazi, unachukua ufunguo kwenye msumari nyuma ya mlango, unaondoka. Mama yule aliniita shemeji tangu siku ya kwanza. Fundi alikuwa mmoja, anakuja akiitwa. Karatasi haikuwepo. Nilikuwa nimehama na mbao zangu mbili za kuzuia tairi, lakini baada ya miezi michache sikuziona tena. Nadhani zilipikia chai. Sikuziulizia, kwa sababu nilikuwa nimeshazoea kuishi bila barua, na kusema kweli nilijiona nimepona ugonjwa.

Ijumaa moja nilikuwa nimemaliza kupakia saruji ya kupeleka Sengerema. Nimeegesha uwanjani niondoke kesho yake alfajiri. Simu ikaita. Mama yangu mzazi alikuwa amefariki.

Tajiri alifika kwangu kabla ya ndugu zangu. Hakukaa hata kwenye kiti, alikaa chini na sisi. Akasema safari zote zimesimama mpaka mama azikwe, na lori moja litabeba jeneza, masufuria na watu mpaka nyumbani kwetu, ndani kidogo ya Kisesa. Langu lilikuwa limejaa saruji na la pili lilikuwa Shinyanga, kwa hiyo ni lile la tatu, la dereva mwenzangu, ndilo litakalotupeleka. Nililia mbele yake bila aibu. Nikamkumbuka yule wa dirishani, nikasema moyoni hapa ndipo nitakapozeekea.

Jumamosi tukaenda kuzika. Mimi nilikaa nyuma kwenye bodi na ndugu, mkono wangu juu ya jeneza. Kabla ya kufika nyumbani kuna mteremko wa mawe ambao gari zito hulalamika, nami nikajiandaa kulishika jeneza lisiteleze. Halikuteleza. Lori lilishuka polepole, linashika taratibu, jeneza likatulia pale pale lilipowekwa. Tulipofika nikamfuata dereva mwenzangu.

"Gari lako siku hizi linashika vizuri," nikamwambia. "Umemtunza mama."

Alinitazama. Akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akanishika bega.

"Pole sana, kaka," akasema.

Tulizika. Nikanyolewa nywele kama ilivyo kwetu, kichwa kikabaki cheupe. Siku za matanga tajiri alikuja kila siku, amebeba mchele, amebeba maji, amepasua kuni na shati lake la kanisani. Kazi haikutajwa hata mara moja. Mtu aliyefiwa hasemeshwi habari za kazi, hilo halihitaji kufundishwa. Aliniambia tu nipumzike mpaka Alhamisi.

Jumanne nikashindwa. Kila kona ya nyumba ilikuwa na kanga ya mama. Nikaaga, nikarudi mjini, nikaingia Buswelu asubuhi bila kumpigia mtu simu. Tajiri alikuwa ametoka. Mke wake akanimiminia chai.

"Si ulipewa mpaka Alhamisi, shemeji?"

"Nikikaa nitaugua, shemeji. Heri barabara."

Akanielewa. Akatoa ufunguo nyuma ya mlango, akanipa kwa mikono miwili, macho yake yamejaa machozi. Alikuwa hajui lolote, na mpaka leo namwonea huruma nikikumbuka ile mikono. Nami nikapanda, nikawasha, nikaondoka. Miaka tisa nimelizunguka gari kila asubuhi huku nikitukana kimoyomoyo, na siku niliyotakiwa kulizunguka sikulizunguka.

Njiani nilihisi pedeli ya breki inachelewa kushika. Nikajiambia ni mzigo. Nilipofika Usagara nikajiambia ni usingizi wa msibani. Dereva akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Wakati huo daraja la pale ziwani lilikuwa bado nguzo zimesimama majini, na wote tulivuka kwa kivuko. Nilifika Kigongo kivuko kimejaa kinaondoka, mimi nikawa wa kwanza kwa safari inayofuata. Mbele yangu kulikuwa na mteremko mtupu, kina mama wanaokaanga samaki pembeni yake, halafu ziwa. Nikavuta breki ya mkono, upepo ukatoka kwa ile sauti yake ya kawaida, nikazima injini. Lori likatulia. Baadaye ndiyo nilijua kwamba tairi ya mbele ilikuwa imekaa kwenye kishimo, na kishimo ndicho kilichokuwa kinalishika. Nikateremka kununua maji.

Sikusikia lori. Nilisikia watu. Sauti nyingi kwa pamoja, halafu mtu mmoja akipaza jina la Yesu. Nilipogeuka, tani zangu za saruji zilikuwa zinateremka zenyewe, polepole mno, kama ng'ombe anayekwenda kunywa maji, na mlango wa dereva uko wazi nilivyouacha.

Nilikimbia. Sikujua nina mbio zile. Nikadaka mlango, nikajirusha ndani tumbo likigonga usukani, nikasimama juu ya pedeli kwa miguu yote miwili. Tairi za mbele zikashika. Za kati zikashika. Lori likaburuzika, likatikisika, likasimama. Wanaume wawili wakatupa mawe chini ya tairi. Nilipochungulia kwa mbele, nikamwona mama mmoja bado amekaa kwenye kigoda chake, mgongo umetugeukia, karai la mafuta mbele yake. Alikuwa mzito wa kusikia. Bampa ilikuwa imegusa kanga yake mgongoni.

Nikashuka. Watu wakanizunguka, na kijana mmoja akanikaba shati. Nilikuwa tayari kupigwa, tena nilikuwa nataka nipigwe. Kofia yangu ikadondoka. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma akakiona kichwa changu.

"Mwacheni," akasema. "Huyu amefiwa."

Mkono ukaniachia. Kelele zikakatika kabisa. Yule mama wa samaki alishainuliwa na wenzake, wanamwelekeza kwa mikono kilichotokea. Akanijia. Nikasubiri kofi.

"Umefiwa na nani, baba?"

"Na mama."

"Pole, baba," akasema. "Pole sana."

Na wote wakaanza. Pole, pole, mpaka yule aliyenikaba. Hakuna aliyeniuliza kwa nini gari limeondoka. Nilikuwa nimeshtuka na lori, lakini nilishtuka zaidi na ule upole wao. Nilitaka mtu mmoja anifokee, aniulize wewe dereva gani, nao wananifuta vumbi.

Nikaingia chini ya gari. Kwenye ekseli ya nyuma kabisa, pale zinapokaa chemba za breki, yale makopo mawili ya chuma ambayo kwenye lori lile ndiyo yanayolishika likiwa limesimama, palikuwa patupu. Boliti zimefunguliwa vizuri, kwa spana, na mtu asiye na haraka. Mipira ya upepo ilikuwa imekunjwa na kufungwa kwa waya na kipande cha tyubu ya baiskeli. Nililala pale chini nikavitazama vile vifundo. Wizi ningeuelewa. Mwizi hafungi mipira.

Nikampigia tajiri.

"Uko wapi?" akauliza.

"Kigongo. Na gari."



"Gari gani?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshabadilika.

Ndipo akaniambia. Ijumaa ile ile jioni, baada ya kutoka kwangu, walilikagua lile lori la kubebea msiba, fundi akasema chemba za nyuma zinavuja, halifai kubeba watu. Duka lilikuwa limefungwa. Langu limesimama na saruji, dereva wake yuko msibani. Wakafungua chemba za gari langu, wakazifunga kwenye lile. Fundi alijua tajiri ataniambia. Tajiri alijua fundi atazirudisha kabla ya Alhamisi. Dereva mwenzangu alijua, na alitaka kuniambia pale nyumbani kwetu, midomo ikamkatalia.

Simu ilikuwa sikioni na mimi nilikuwa kwenye ule mteremko wa mawe, mkono wangu uko juu ya jeneza ambalo halikuteleza. Breki nilizozisifu zilikuwa zangu. Zilikuwa zimemteremsha mama yangu kwa heshima zote, na kwa sababu hiyo hiyo mama wa mtu mwingine alikuwa amekaa Kigongo na alama ya bampa kwenye kanga.

Tajiri alifika na fundi na zile chemba kwenye kiroba. Hakuja kujitetea. Alikwenda kwanza kwa yule mama, akapiga magoti mchangani, kisha akaja kwangu, mtu mzima analia mbele ya abiria wa kivuko.

"Ningekwambiaje, mdogo wangu?" akasema. "Ulikuwa umemshika mama yako. Ningeanzaje kukwambia habari za breki?"

 Siku ile sikuweza hata kumkasirikia, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba kule dirishani kwa yule asiyeitaka salamu yangu ningekuta kitambaa chekundu kwenye usukani. Nilikaa kwake miaka mingine miwili. Kitambaa nilikileta mwenyewe, nikakitundika kwenye ule msumari wa jikoni, na jibu nilimpa siku hiyo ya kitambaa, mke wake akisikia.

"Ungeniambia pale pale, kaka, mkono wangu ukiwa juu ya jeneza. Mama angesubiri."