Kiwanja Kisicho na Njia

Mwezi wa nane mwaka 2008 nilimpoteza dada yangu mkubwa, Nabintu. Mwanangu, siku tuliyomtoa nyumbani kwake Kakoba, mjini Mbarara, haijanitoka hata leo, kwa sababu kosa lililotukwamisha lilikuwa langu.

Tulipofika makazi ya wakimbizi ya Nakivale mwaka 1997 kutoka Kivu, Kongo, nilikuwa kijana wa miguu mirefu. Wageni walipotoka Kabazana, kwenye kituo cha mapokezi, kwenda kugawiwa viwanja, mimi nilishika ncha ya kamba ya kupimia. Nikasifiwa, na sifa zikanilewesha. Kule ardhi si mali yetu, tunapewa tuitumie, na njia hakuna anayeipima. Unapita katikati ya mahindi ya jirani, unamwamkia, anakuamkia, basi umepita. Nilidhani dunia yote iko hivyo.

Dada aliolewa na seremala wa Mbarara. Mume alipofariki alimwachia kiwanja na nyumba. Dada akaamua kukigawa: nusu ya mbele, inayogusa barabara, aiuze watoto wasome, nusu ya nyuma, yenye nyumba, abaki nayo. Mwenyekiti wa mtaa alituonya tusiuze kitu kabla mpima ardhi mwenye leseni hajachora ramani na manispaa haijaikubali. Alitutajia malipo ya mpima, ya ofisi, ya mawe ya mpaka, ya hati. Dada akanigeukia.

"Tutatupa feza bure," nilimwambia. "Kamba ninayo. Watu mingi nimewapimia."

Aliniamini. Kuuliza si ujinga, lakini mimi niliona haya kuuliza. Nikagawa nusu kwa nusu, ukingo hadi ukingo, nikajipongeza.

Mnunuzi alikuwa askari wa kambi ya jeshi, Afande Mugisha. Miaka miwili dada alipita uani kwake kama tunavyopita Nakivale. Kisha Afande akajenga ukuta kuzunguka kiwanja chake, na hakukosea, maana karatasi ya mauziano ilisema pote ni pake. Kwa hisani tu alimwachia dada kijilango, mtu apite na dumu lake la maji.

Siku ya mazishi gari lilisubiri barabarani limpeleke Nakivale, alikolala mama yetu. Jeneza likafika kwenye kijilango, likakwama. Wabebaji wakaanza kuliinamisha.

"Mutamulaza ubavu!" alifoka mama mmoja wa kanisani. "Nabintu si meza!"

"Sasa tumupitishe wapi, mama? Hapa hakuna fasi."

Afande akatoka ndani, amevaa sare. Alitazama jeneza, akatazama ukuta.

"Nani alipima hii kiwanja?"

Ningeweza kunyamaza. "Ni mimi, Afande."

"Wewe? Na barabara uliweka wapi? Kwa mfuko?"

Aliingia ndani, nami nikajua ametufungia mlango. Akarudi amevua shati la sare, mkononi ana nyundo kubwa.

"Wekeni mama kwa veranda yake. Hapana weka kwa matope. Ngojeni."

Akaanza kubomoa ukuta wake. Mwanangu, kule kwetu niliona askari wakibomoa kuta za watu. Sikuwa nimeona askari akibomoa wake mwenyewe, kwa ajili ya maiti asiyehusiana naye hata kwa lugha. Pengo lilipokuwa pana vya kutosha, aliinama akaokota vipande vya matofali kimoja kimoja, wabebaji wasijikwae. Dada akapita akiwa amelala sawa.

Kupotea njia ndiko kujua njia. Baada ya matanga tulimleta mpima. Kabla ya yote alichora barabara ya kufika nyuma, ukingoni mwa kiwanja cha Afande, kisha akawaita majirani waone mipaka kwa macho yao. Afande na watoto wa marehemu wakatia sahihi, mwenyekiti akashuhudia, manispaa ikakubali ramani, mawe yakapandwa. Tulilipa yote niliyoyakwepa, na zaidi, maana kazi iliyokosewa hulipwa mara mbili.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitaka kugawa kiwanja, anza kwa mwenyekiti na majirani. Tafuta mpima mwenye leseni, na kila unacholipa udai risiti. Usiuze hata hatua moja kabla ofisi haijakubali. Na kila kipande kiwe na njia iliyoandikwa kwenye ramani, gari lipite, wazima wapite, na wasioweza kutembea tena wapite. Usitegemee hisani ya jirani, ingawa nakuombea uipate. Mungu akupe pa kukaa na pa kutokea, na akuweke karibu na watu wenye moyo kama wa yule askari.

Mwezi uliofuata Afande alijenga ukuta upya, hatua nne ndani ya kiwanja chake, njia ikabaki nje. Nilikwenda bila kuitwa. Alinionyesha koleo lilipo, nikachanganya saruji.