Sentensi ya Pili ya Neno Chuma

Kibao kilikuwa kimepigiliwa kwenye nguzo pale Kanyenye, mkabala na duka ninakonunua vijiti vya kuchomelea. Juu, kwa herufi kubwa nyekundu, kiliandikwa CHUMA. Chini yake, kwa herufi ndogo, MAUA MWENYEWE. Halafu mshale, na maneno BARABARA YA SIKONGE, KARIBUNI. Nilikisoma mara mbili na damu ikanichemka.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Karakana yangu iko Ng'ambo, ileile aliyoniachia marehemu baba, na hapa mjini Tabora maua ya chuma ya kwenye mageti ni kazi ya mkono wangu. Siku hizi yanaletwa yaliyotengenezwa tayari kutoka Dar, mepesi kama maganda ya karanga, na watu wanayanunua hivyohivyo. Hilo nilikuwa nimelimeza. Lakini mtu kuweka kibao hadharani akiwaambia wateja wangu maua ya chuma wakajitengenezee wenyewe, hapana. Nilifunga vijiti nyuma ya pikipiki nikaenda kumtafuta huyo mtu.

Njiani niliandaa maneno yangu vizuri. Nilikuwa nimefika kwenye sehemu ya kumuuliza kama anajua karakana yetu ilianza lini, ndipo nikaona kibao kingine kama kile, na njia ya vumbi iliyokata kulia kati ya mashamba ya mahindi. Nikaifuata. Mbele palikuwa na nyumba ndogo ya bati, na nyuma yake bani, lile jengo refu la kukaushia tumbaku, limechakaa. Kati ya nyumba na bani kulikuwa na maua. Maua yaliyo hai. Mistari na mistari ya zinia nyekundu na za chungwa, alizeti, waridi, na mengine meupe marefu ambayo hadi leo nayaita yale meupe. Nilizima pikipiki, na kitu pekee nilichosikia ni nyuki.

Mama mmoja mtu mzima alitoka kwenye bani akiwa na ndoo. Aliangalia vijiti vyangu vya kuchomelea, akakunja uso.

"Kama umeleta vyuma chakavu," alisema, "sinunui."

Sauti hiyo niliijua kabla sijaijua sura. Nikasema shikamoo mwalimu, akasema marahaba, akanitazama, kisha akatabasamu kwa namna ambayo sikuipenda hata kidogo. Akasema, kumbe ni yule wa sentensi.

Hapo inabidi nirudi nyuma kidogo. Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu huyu alitupa zoezi la Kiswahili: tunga sentensi mbili kuonesha maana mbili tofauti za neno chuma. Mimi ni mtoto wa fundi, chuma nimekilalia na kukiamkia. Niliandika: Baba anafua chuma. Halafu nikaandika: Chuma kimemwangukia baba mguuni. Ya kwanza nilipata vema, ya pili nikapata mkasi mwekundu wa kosa uliovuka mistari mitatu. Nilisimama nikabisha. Nilisema ni maana mbili, kwa sababu kimoja ni cha moto na kingine kimepoa. Darasa zima lilicheka, na yeye, nilikuja kusikia baadaye, aliisimulia habari hiyo kwa kila darasa la tano lililofuata mpaka alipostaafu. Nimetengeneza mageti ya nyumba za watu ambao walipoingia karakanani waliniuliza kama baba alipona mguu.

Sasa nilikuwa nimesimama mbele yake, nimesafiri kilomita zote zile kuja kugomba, kwa sababu ya neno lilelile. Hata hivyo nilimweleza ukweli. Alicheka mpaka akaweka ndoo chini.

Akaniambia si mimi peke yangu. Tangu kibao kiwekwe, walikuwa wamefika wenye mikokoteni wa vyuma chakavu zaidi ya wanunuzi wa maua. Mmoja alileta fremu ya kitanda. Mwingine alisubiri mpaka saa sita, akitaka kujua mizani iko wapi. Waliokuja kuchuma maua katika miezi miwili wangetosha kukaa kwenye benchi moja.

Alinipa kisu na ndoo yenye maji kidogo, akanionesha. Huchomoi, unashika bua, unahesabu vifundo viwili kutoka chini, unakata mshazari juu ya jani ili lichipue tena. La kwanza nililing'oa na mizizi. Mkono wangu umezoea nondo, haujui kitu kinachokubali upesi hivyo. Alilichukua kama alivyokuwa akichukua madaftari yenye makosa, akalifukia tena. La nne nililikata sawasawa, na nilifurahi kuliko inavyompasa mtu mwenye umri wangu.

Tukiwa katikati ya zinia ndipo alipoeleza habari ya shamba. Lilikuwa la marehemu mume wake, aliyelima tumbaku maisha yake yote. Alipofariki, mdogo wake, naye mkulima wa tumbaku kule Ipole, alikuja kwenye kikao cha familia akasema shamba lisilale. Mwalimu akaomba msimu mmoja wa maua. Shemeji yake aliuliza maua yatafanya nini, maana hayaliwi na hayavutwi. Lakini alikubali: msimu mmoja, mwisho Pasaka. Watu wakija kuchuma, shamba libaki kwa mwalimu. Wasipokuja, baada ya Pasaka linasafishwa kwa ajili ya tumbaku, na mwalimu atahamia kwa binti yake, kwenye chumba cha uani.

Alilisema hilo akiendelea kukata, uso umetulia. Mimi ndiye niliyeshindwa kutulia. Nilimwambia dawa ni rahisi, abadilishe kibao. Aandike KATA MAUA MWENYEWE, mambo yaishe.

"Maua huchumwa," alisema. "Nimefundisha miaka thelathini na minne. Siwezi kuharibu Kiswahili kwa sababu ya watu wa mikokoteni."

Nilimkumbusha kwamba tumeshika visu na tunakata. Akasema kwamba anayekata haangalii, anayechuma anachagua. Nikaona hapa sipiti. Mwanamke alikuwa tayari kupoteza shamba, nyumba na waridi zake, lakini si kitenzi. Niliondoka nimekasirika upya, na maua yamejaa kwenye kapu la pikipiki.

Karakanani sikuwa na chombo cha kuyaweka. Nilichukua kipande cha bomba kilichobaki kwenye kazi, nikachomelea kibati chini kuziba, nikatia maji. Nikayaweka juu ya meza ya kazi, karibu na misalaba.

Misalaba ndiyo kazi yetu ya majira yale. Mimi ni wa msikitini, na baba alikuwa wa msikitini, lakini familia nyingi za Kikristo hapa mjini na vijijini zimekuwa zikichukua kwetu misalaba ya makaburi tangu nikiwa mdogo. Mwaka ule Idi ilikuwa imeshapita na Pasaka inakaribia. Wamoravian huabudu makaburini alfajiri ya Pasaka, kwa hiyo Jumamosi yake watu hufyeka, hupaka chokaa, husimamisha misalaba, na huweka maua. Ya plastiki. Kila mwaka ya plastiki, na kufika mwezi wa sita jua limeshayafanya meupe yote.

Niliangalia bomba. Niliangalia misalaba. Nikavaa miwani yangu nikawasha mashine.

Siku ile nilichomelea kibomba chini ya kila msalaba uliokuwa karakanani, na uliofuata, na uliofuata. Sikumuuliza mteja yeyote. Wa kwanza, mama mmoja aliyekuja kuchukua msalaba wa mama yake, aliuliza hicho kitundu ni cha nini. Nikamwambia ni cha maua mabichi, la sivyo kitakaa wazi na kila mtu ataona kiko wazi. Akauliza mabichi yanapatikana wapi Tabora hii. Nikamwelekeza. Nilimwambia asitishwe na neno la juu kwenye kibao, alisome pamoja na la chini yake. Mteja mmoja alikataa kabisa, akataka kibomba kikatwe. Nikamwambia grenda ya kukatia imeharibika. Grenda ilikuwa inanguruma nyuma yangu, mkononi mwa kijana wangu wa kazi, wakati nasema hivyo, lakini alikuwa mtu mstaarabu akaondoka nacho.

Siku mbili kabla ya Pasaka alikuja mwanamume mrefu, vidole vimepakwa rangi ya tumbaku, kuchukua msalaba wa kaka yake. Mimi ndiye niliyeandika jina la huyo kaka kwa moto, herufi kwa herufi, na sikuwa nimeshtuka, kwa sababu nilijua jina la mwalimu tu. Alipotaja kwamba ametoka Ipole, ndipo nilipojua ni nani aliyesimama mbele yangu. Akagusa kibomba kwa kidole, akauliza. Nikamjibu kama nilivyowajibu wengine: cha maua, yapo barabara ya Sikonge.

Akaondoa kidole. Kisha akasema shamba hilo analifahamu, na kibomba nikitoe.

Hapo ningeweza kusema habari ya grenda. Sikusema. Nilimwambia sikitoi, kaka yake alilima pale maisha yake yote, na kama msalaba wake ndio utakaokuwa hauna ua siku ya Pasaka, basi watu watauliza. Niliogopa nilipomaliza. Ulimi wangu umeshaniharibia mengi, na safari hii niliona nimeharibu la mwalimu, siyo langu. Yule bwana aliubeba msalaba begani akaondoka bila kuaga.

Jumamosi asubuhi sikufungua karakana. Nilikwenda shambani na aproni yangu ya kazi mwilini, nikijiambia nakwenda kumsaidia mwalimu kufungasha vitu, kama itabidi. Nilipofika kwenye njia ya vumbi sikuweza kupita. Kulikuwa na baiskeli zimelazwa ukingoni, pikipiki, magari mawili ya kanisa, na watu wanatoka wakiwa na maua mikononi, vichwani, kwenye ndoo, kwenye madumu yaliyokatwa nusu. Kwaya nzima ya wanawake ilikuwa kwenye alizeti. Hata yule mama wa kibomba cha kwanza alikuwapo, na dada zake watatu. Mwalimu alikuwa amesimama katikati, sauti juu, akipita mstari kwa mstari: vifundo viwili, mshazari, usichomoe. Watu wazima walikuwa wanamwitikia ndiyo mwalimu. Nililia, naandika wazi, nililia nikiwa nimekaa juu ya pikipiki na kofia yangu kichwani.

Na hata mwenye mkokoteni alikuja, mmoja wa wale wa mwanzo. Hakuwa na chuma chochote. Alikuwa ametumwa na jirani yake achukue zinia za chungwa.

Karibu na saa tano watu walipoanza kupungua, shemeji yake mwalimu alifika kwa miguu kutoka barabarani. Nilijificha kidogo nyuma ya bani, sikatai. Alisimama mwanzoni mwa mistari akitazama mabua yaliyokatwa na watu waliobaki. Kisha akaenda kuchukua kisu kwenye ndoo, akarudi mpaka kwa mwalimu, akavua kofia.

"Shemeji," alisema, "nimchumie yapi?"

Mwalimu akamwongoza kwenye yale meupe, ambayo marehemu, kumbe, ndiye aliyeyaotesha mwanzo, nyuma ya bani, kwa siri kidogo, kwa sababu mkulima wa tumbaku hasemi hadharani kwamba anapanda maua. Ndugu yake alikuwa hajui. Alipiga goti kwenye udongo akakata moja moja, polepole, huku mwalimu akimhesabia vifundo. Alipomaliza aliangalia ardhi iliyobaki wazi, ile iliyokuwa ikingojea tumbaku, akamwambia mwakani apande mpaka kule nyuma ya bani, maana leo yamewapungukia watu. Basi. Alilisema kama mtu anayetaja hali ya mvua, akaweka maua begani akaenda kwa kaka yake.

Mwalimu aliniona nilipokuwa. Alikuja akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono yote udongo, akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka akanikazia macho yale ya darasa la tano.

"Bado nakudai sentensi ya pili," alisema.

Nilisimama. Sijui kwa nini, lakini nilisimama wima kabisa, na mikono nyuma.

"Shemeji yake mwalimu amekuja kuchuma maua."

Alitoa kipande cha chaki mfukoni, kile alichokuwa akiandikia majina ya maua kwenye vibao vya mistari. Akaivuta aproni yangu, akaandika juu yake vema moja kubwa, kutoka kifuani mpaka kiunoni. Nilirudi nayo Ng'ambo hivyohivyo, polepole, nikikwepa vumbi.