Moto wa Trela

Siku niliyomwona Mutwalibu kwa mara ya kwanza, karibu anikanyage. Nilikuwa nimechuchumaa kando ya barabara pale Malaba, mahali foleni ya trela inapojikusanya kuelekea mpakani, nikitoa msumari kwenye tairi. Kazi yangu ni kuziba pancha, na masikio yangu ndiyo hunilinda, kwa sababu injini huisikia kabla sijaiona. Siku hiyo hayakunisaidia. Nilipoinua uso, bampa nyeupe ilikuwa imefika begani kwangu, na sikusikia mlio wowote ila changarawe chini ya magurudumu.

"Samahani, boss! Samahani sana!" akasema mtu aliyeshuka. Alikuwa mrefu, amevaa kofia ya kufuma, ndevu zimeanza kuwa nyeupe. "Hii gari haina domo. Ni ya stima."

Mimi ni mtu wa haya. Maneno hunijia watu wakishaondoka. Nikatikisa kichwa tu.

"Na wewe pia huna domo," akacheka. "Mtapatana."

Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na mwanamke aliyejifunika leso mpaka kidevuni, ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa Janat, mke wake. Uso ulikuwa umevimba chini ya macho. "Pole, baba," aliniambia. "Huyu mzee anaendesha kama mtu anayeteleza kwa matope."

Tangu siku hiyo nikamjua Mutwalibu, kwa sababu nyumba aliyopanga ilikuwa nyuma ya kibanda changu na gari alililaza pale kando. Alikuwa akinisimulia mambo yake, nafikiri kwa sababu sikumkatiza. Zamani alibeba abiria kwa gari la petroli. Kisha figo za Janat zikakataa kazi, na mara mbili kwa wiki ikabidi afike hospitali kule Busia, alazwe kwenye mashine ya kusafisha damu. Petroli ikawa inakula kila alichopata. Ndipo mtu mmoja akamwonyesha gari lililotumika Japani, linalochajiwa nyumbani kama simu. Mutwalibu aliuza gari lake na shamba alilorithi Matayos, akalinunua. Siku za mashine alimpeleka mkewe, na siku nyingine alibeba abiria.

Madereva wa trela hawakumwacha apumzike.

"Mzee, leo umeweka kredo kama ya simu?"

"Niko asilimia tisini, usinisumbue!"

"Na ikizima, ssebo, bwana wangu, unaifinya wapi?" aliuliza Emong, dereva wa Tororo, upande wa Uganda, aliyepita Malaba kila mara. Alikuwa mnene, mwenye kicheko kikubwa, na hakuna siku alipita bila kumletea Janat kitu, ndizi au karanga. Janat alizigawa kwa majirani kwa sababu ya figo hakuruhusiwa kuzila, na hakuwahi kumwambia.

Betri kubwa ya gari lile ilikuwa imechoka kabla hata haijavuka bahari. Mwanzoni lilienda Busia na kurudi bila shida. Baadaye likawa linafika tu, halina nguvu ya kurudi. Mutwalibu alimwomba mchomeleaji mmoja karibu na hospitali amruhusu kuchomeka waya wake. "Mama yuko kwa mashine, gari iko kwa mashine," aliniambia. "Ni mimi peke yangu sijachomekwa." Stima ikipotea mjini walikaa huko mpaka jioni, Janat amelala kiti cha nyuma akitetemeka, maana ile mashine humwacha mtu na baridi mwilini.

Kisha ikafika asubuhi moja ya mvua. Janat alikuwa ameshaketi ndani, Mutwalibu akabonyeza kidude cha kuwasha, na gari halikuamka. Kioo cha dashibodi kilibaki cheusi. Jambo ambalo sote hatukulijua wakati huo ni kwamba gari la stima lina betri mbili. Kuna ile kubwa chini ya viti, na kuna ndogo mbele, kama ya gari lolote, ambayo kazi yake ni kuiamsha kubwa. Ile ndogo ndiyo iliyokufa. Duka la spea lingefunguliwa muda si mrefu na angepata nyingine. Lakini mashine ya hospitali ina saa zake, na wagonjwa ni wengi.

Kwenye foleni ya Malaba kuna desturi. Betri ya mwenzako ikifa, unampa moto kutoka kwa yako. Halipwi mtu, hata chai. Ukimnyima mwenzako, siku utakapolala hakuna atakayelinda turubali lako. Kwa hiyo Mutwalibu hakuhitaji kuita. Emong alikuwa ameshashuka, nyaya za kubusti begani.

"Ni moto tu, mzee? Moto iko!"

Trela ina betri mbili zilizounganishwa, na nguvu yake ni maradufu ya gari dogo. Madereva wanajua hivyo. Wakisaidia gari dogo hushika betri moja tu. Emong alianza kushika moja, akasita.

"Hapana," akasema. "Hii ni gari ya stima yenyewe. Hii inataka moto mwingi."

Hakuna aliyebisha. Tulikuwa watu wengi pale, na sote tuliona ni neno la maana. Akashika zote mbili.

Taa zote za dashibodi ziliwaka kwa pamoja. Watu wakapiga makofi. Janat akasema, "Mungu akubariki, Emong." Kisha tukasikia kitu kikilia pa! chini ya boneti, kidogo tu, kama kijiti kuvunjika, na harufu ikatoka, ile ya mpini wa plastiki wa sufuria ukishika moto. Emong alizing'oa nyaya. Taa zikazima, na gari likawa kimya kuliko lilivyokuwa.

Siku hiyo walienda kwa teksi. Emong aliacha kwangu posho yake yote ya safari nimpe Mutwalibu, kwa sababu Mutwalibu mwenyewe alikuwa amekataa kuipokea mkononi mwake. Baada ya hapo mwajiri wake akampeleka njia ya Juba, hatukumwona tena.

Fundi wa magari ya aina hiyo alipatikana Eldoret. Aliitwa Robinson, kijana mpole. Aliunganisha kompyuta yake, akasoma, akakuna shingo.

"Mzee, betri ndogo ilikuwa kazi rahisi sana. Sasa imeungua ile kitu inaichaji, na kompyuta ya gari nayo imeenda."

Bei aliyotaja ilikaribia nusu ya bei ya gari lenyewe. Mutwalibu alikaa juu ya tairi langu kuukuu. Kulikuwa na watu wa ng'ambo ya mpaka waliotaka kununua betri kubwa waikatekate wafungie sola. Janat alisema auze.

"Uza, mzee. Mimi nitapanda matatu kama watu wengine."

"Mtu ametoka kwa mashine hawezi kushikilia chuma ya matatu," alisema Mutwalibu. "Gari itapona."

Akakusanya akiba yake yote, akalipa. Spea zikaja, Robinson akafunga, na kioo kikawaka. Mutwalibu alinikumbatia, jambo ambalo hakuna mtu mzima aliyewahi kunifanyia. Jioni akachomeka waya. Gari lilikataa kupokea stima. Robinson akarudi, akafungua tena, akakuta kichajio cha ndani, kile cha betri kubwa, nacho kilikuwa kimepasuka siku ile ya moto wa trela. Mutwalibu akauza friji na kabati, na watu wa msikiti wakamchangia. Wakati huo wote Janat alikuwa akienda kwa matatu. Akirudi, Mutwalibu alimngoja kwenye stendi na mwavuli, akamshika mkono mpaka nyumbani, wakisimama kila baada ya nyumba chache.

Siku moja ya mashine mvua ilikataa kukatika. Miguu ya Janat ilikuwa imevimba, viatu havikuingia. Nilikuwa mlangoni kwao nikikinga maji wakati Robinson alipopiga simu. Alisema kichajio kiko kwenye basi, kesho gari litatembea.

"Basi pumzika leo," Mutwalibu alimwambia mkewe. "Kesho utaenda umelala nyuma kama malkia."

"Na nafasi yangu?"

"Nimewapigia. Tukifika kesho watatutafutia."

Nafikiri Janat alitaka kukataa, lakini miguu ilimuuma. Akavua leso ya safari.

Kichajio kilikuja kweli. Kilikuwa cha gari la mwaka mwingine, matundu ya waya hayakuoana. Robinson alijaribu mpaka vidole vikatoka damu. Teksi ingeweza kuja, lakini pesa ya teksi ilikuwa ndani ya kile kifaa. Asubuhi iliyofuata Janat hakuweza tena kuvuta pumzi akiwa amelala. Majirani tulichanga haraka, teksi ikaja, nikasaidia kumwingiza. Alikufa wakipita Alupe, Busia ikiwa karibu kabisa. Wakamzika siku hiyo hiyo kabla ya jua kutua, kama dini yao inavyotaka.

Watu wa sola walikuja wakachukua betri. Gari lilibaki nyuma ya kibanda, ganda tupu lisiloonekana barabarani, kuku wakiingia chini yake.

Mutwalibu aliamua kuhamia Mumias kwa mdogo wake. Siku ya kuondoka alipita kibandani na begi moja. Nilikuwa nimetafuta neno la kumwambia siku nyingi, na hata wakati huo sikulipata. Nilimvutia kiti. Hakukaa.

"Emong amepita?" aliniuliza.

"Bado. Wanasema yuko Juba."

"Siku akipita atakuuliza."

Alitazama foleni ya trela mpaka mwisho wake.

"Mwambie gari ilipona. Mwambie mama alipanda, akaenda mpaka Busia, na akarudi."