Kumwambia Mama Mkwe Akanyage Breki

Kuna njia nne za kutoa upepo kwenye breki za gari ukiwa nyumbani. Mimi nilizijaribu zote kwa siku moja, uani kwangu Newala, nikiwa na mama mkwe. Sisemi hivi kwa kujisifu. Fundi wa kweli angetumia moja na kwenda kunywa chai.

Ulikuwa msimu wa korosho, na msimu huo huku kwetu fundi wa magari naye ni mkulima. Gereji zina kufuli, wenyewe wako mashambani wanaokota. Jioni moja mpira wa breki wa gurudumu la nyuma kushoto ukapasuka. Nilikuwa na mwingine ndani, nikaufunga mwenyewe asubuhi, nikajiona mtu. Kukanyaga pedali, ikaenda moja kwa moja mpaka chini. Upepo ulikuwa umeingia kwenye mirija, na breki yenye upepo ni pambo tu.

Siku nyingine ningelifunika gari turubai nikaenda zangu shamba. Lakini mama mkwe alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, mwaka wa tatu huo anapapasa kuta, na madaktari wa macho waliokuja Masasi walikuwa kwenye siku yao ya mwisho. Mke wangu alikuwa ametangulia kumshikia mama yake namba. Akanipigia simu saa mbili asubuhi: mama ataitwa saa tisa alasiri, akikosa ndiyo basi, na hakuna anayejua watarudi lini. Basi la asubuhi lilikuwa limeshaondoka. Bodaboda mama aliikataa kabla sijamaliza kuitaja. Alisema kama ni kuushuka ule mteremko wa kwenda Masasi juu ya pikipiki, ashukuru Mungu haoni.

Njia ya kwanza ni kuacha itiririke. Unajaza mafuta ya breki kwenye kikopo chake, unalegeza kiskrubu cha kutolea upepo kule kwenye gurudumu, halafu unakaa. Mafuta yanashuka yenyewe, yanasukuma upepo. Ni njia ya mtu asiye na safari. Nilichuchumaa nusu saa nikitazama matone, nikakanyaga, pedali ikaenda chini vilevile.

Njia ya pili ni ya chupa. Unachomeka mpira mwembamba kwenye kiskrubu, ncha ya pili unaizamisha kwenye chupa yenye mafuta kidogo, kisha unakanyaga peke yako. Bwana mmoja niliyemtazama kwenye video ya simu alikuwa anaifanya huku anacheka. Ila yeye haishi Newala. Newala maji ni ya shida, chupa tupu hakuna, kila chupa imewekewa maji. Nikachukua moja, nikafungua kizibo. Mama mkwe alikuwa amekaa barazani na kifurushi chake cha safari.

"Nani anamwaga maji?" akauliza.

"Hakuna, Mama. Nakunywa."

Ikabidi ninywe. Lita moja na nusu, nimesimama. Nikaikausha chupa juani, maana maji na mafuta ya breki hayakai pamoja, nikafunga kila kitu kama yule bwana. Mpira ukawa mpana kuliko kiskrubu, ukawa unachomoka kila nikikanyaga, na mafuta yakamwagikia kandambili zangu. Lahaula!

Njia ya tatu ni kunyonya kwa bomba la sindano. Nilikuwa nalo moja la kuchanjia kuku. Nikavuta, likaja povu, nikafurahi. Nikavuta tena, povu. Karibu saa nzima nafurahia povu, mpaka nikagundua kwamba nanyonya upepo wa hapo nje, unaopita pembeni ya kiskrubu nilichokilegeza. Nililitupa lile bomba juu ya paa. Nadhani bado liko huko.

Saa sita mchana ikabaki njia ya nne, ambayo ndiyo ya kweli na kila fundi anaijua. Inataka watu wawili. Mmoja anakanyaga pedali na kuishikilia, mwingine kule chini anafungua kiskrubu, upepo unatoka, anakifunga, ndipo wa juu anaachia. Akiachia kabla hakijafungwa, upepo unarudi ndani na mnaanza upya. Maneno ni matatu tu: kanyaga, shika, achia.

Na nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mama mkwe.

Mkwe hatumwi. Nilikuwa nimeishi na binti yake miaka kumi na tisa na sijawahi kumtazama mama yule usoni. Nikimwamkia natazama chini. Nikitaka chumvi iliyo mbele yake, namwomba mke wangu.

"Mkwe," akaita, "unahangaika na nini tangu asubuhi?"

Nikamweleza, nikilitazama tairi.

"Basi nipeleke hapo pa kukanyagia. Kilichoharibika ni macho, mguu ninao."

Nikashika ncha moja ya fimbo yake, yeye akashika nyingine, nikamfikisha kwenye kiti cha dereva. Kisha nikaingia uvunguni.

"Mama, samahani, naomba kama hutaona vibaya, ukanyage."

Akakanyaga. Nikafungua.

"Ahsante, Mama. Sasa nakuomba radhi, tafadhali, kwa hisani yako, usi..."

Alikuwa ameshaachia. Nikasikia upepo unavyoingia. Tukarudia, adabu ile ile, upepo ule ule. Mara ya sita niliwaza saa tisa, nikaona ile namba inaitwa na hakuna anayeitika, damu ikanipanda kichwani.

"Shika! Nimesema shika!"

Kuku wenyewe waliacha kuparua. Nililala pale chini na aibu yangu, nikatamani gari linidondokee, lakini nilikuwa nimeliweka vizuri sana juu ya magogo.

"Mkwe."

"Naam, Mama."

"Hiyo ndiyo sauti inayofika kwa wakati."

"Nisamehe, Mama."

"Ila usinitume. Mimi ndiye nitakayesema, wewe uitikie."

Tukafanya hivyo. "Nimekanyaga," anasema yeye. Nafungua, nafunga, naitika, "Tayari, Mama." "Naachia," anasema. Hakuna aliyemtuma mwenzake. Magurudumu manne yakaisha kwa muda mfupi kuliko ule wa povu, na yeye ndiye aliyetangulia kujua. "Sasa imekuwa ngumu," alisema.

Nikajaribu breki mara tatu pale uani, tukaondoka. Yeye alikaa nyuma, kama inavyopasa. Pale Newala inapoishia na barabara inapoinama, niliogopa kweli. Kwenye kona ya kwanza nikasikia mguu wake unagandamiza sakafu nyuma yangu.

"Nimekanyaga," akasema.

"Tayari, Mama."

Pedali ikashika. Kila kona akakanyaga, na kila kona nikaitika, mpaka chini kabisa. Tulipofika Chiungutwa alikuwa amelala. Masasi tulimkuta mke wangu amesimama getini ananyoosha shingo, na mama akaingia ndani namba yake ikiitwa.

Walimfanyia jicho moja kwanza. Kesho yake bandeji ikatolewa. Mimi nilisimama mlangoni na kofia mkononi, natazama sakafu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Inua uso."

Nikasita. Mke wangu naye akaduwaa.

"Jana ulikuwa unaniitikia. Nimesema inua uso."

Nikainua. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona. Ana macho ya mke wangu, na miaka yote ile sikujua. Akanikagua taratibu kwa lile jicho moja, toka juu mpaka kwenye kandambili zenye mafuta.

"Kumbe umezeeka hivi," akasema.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa kitandani. Mimi machozi yalinitoka, na sikuyaficha.

"Haya, twendeni," akasema mama, akitafuta viatu vyake mwenyewe. "Leo nakaa mbele. Nataka kuuona huo mteremko."