Jiwe Halifungi Saumu

Miaka ya hamsini, tungali wapya katika ndoa, mume wangu alikuwa akichonga mawe ya kusagia. Si haya matumbawe ya kwetu. Ni mawe magumu yaliyoletwa kwa meli kutoka bara, ya mashine ya unga iliyokuwa nyuma ya soko la Darajani. Jiwe likishasaga sana mifereji yake huisha makali, unga ukatoka wa moto na chenga. Basi hulazwa chini, ikachongwa upya kwa tindo na nyundo. Vumbi lake jeupe, laini kuliko poda ya mtoto, na halina harufu ya kukuonya.

Fundi aliyemtangulia aliacha kazi akiwa hawezi kupanda ngazi za nyumba yake bila kukaa katikati kutafuta pumzi. Ndipo mwenye mashine akaweka masharti: jiwe limwagiwe maji na lilowe muda wote wa kuchonga, sakafu isifagiwe kavu, fundi afunge kitambaa puani. Kama alifanya kwa huruma au kwa kuchoka kutafuta mafundi, sikumuuliza. Nilimshukuru kwa vyote viwili.

Ikaingia Ramadhani. Siku ya kwanza mume wangu akarudi kope nyeupe. Nikalikung'uta shati lake uani, likatoka wingu. Nikalikung'uta tena, likatoka jingine.

"Leo hukumwaga maji?"

"Nimefunga."

"Aliyefunga ni wewe au jiwe?"

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Nikangoja kiishe. Kilikawia kuliko nilivyopenda.

"Tindo likipiga jiwe bichi, maji hunirukia mdomoni," akasema. "Saumu yangu utanilipia wewe?"

"Na vumbi?"

"Vumbi limesamehewa. Hata anayechunga unga hafungui."

Mimi ndiye niliyekuwa nikimshusha bei muuza pweza mpaka akaniuliza kama namtaka na yeye nimtie kikapuni. Lakini siku ile kila bei niliyotoa ilirudishwa. Nikamwambia apumzike mwezi mzima. Akasema Ramadhani ndipo watu wanapotaka unga. Nikamwambia basi amwage maji kidogo tu.

"Saumu haina nusu, bibi we."

Asubuhi nikavaa buibui, nikaenda mtaa wa Malindi kwa bibi aliyemsomesha mume wangu Kurani utotoni.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. We si mke wa yule mtoro wangu? Karuka dirisha la nani tena?"

Nikamweleza yote, la maji na la vumbi. Akasikiliza huku akijipepea kwa kipepeo chake cha ukili, kisha akakiweka chini, kando ya bakora yake.

"Mdomo kulowa si kunywa," akasema. "Yakimrukia, ateme, ajifute. Na hilo vumbi limesamehewa kwa asiyeweza kuliepuka. Yeye ndoo ya maji iko ubavuni mwake. Mwambie mimi nimesema."

Jioni nikangoja kwanza ale tende na uji. Sijapata kufanya biashara na mtu mwenye njaa nikafaidi. Kisha nikamfikishia maneno ya Bi.

"Kasema mwenyewe?"

"Kasema. Na akisikia unachonga kavu, atakuja mashineni."

"Na bakora?"

"Sikumuuliza. Lakini alikuwa akiitazama."

Akafuta ukingo wa bakuli kwa kidole. Nilijua moyo umeshalegea, umebaki uso tu.

"Maji nitamwaga," akasema mwishowe. "Lakini kile kitambaa cha mashineni kigumu kama gunia. Kinanikwaruza."

Nikaingia ndani, nikatoa kanga moja katika doti niliyoletewa siku ya posa, ile ya pamba laini, nikaikata kwa meno na kuichana mapande.

"We! Hiyo si ile ya..."

"Ndiyo. Kipande kikilowa unavaa kingine."

"Basi ya pili usiichane."

"Ya pili nitavaa mimi, watu wajue tumetoka kitambaa kimoja."

Nikamsimamisha karibu na taa, nikamfunga kipande cha kwanza, nikakaza fundo kisogoni. Yakabaki macho matupu.

"Naonekanaje?"

"Kama mwizi. Pumua."

Akapumua. Kitambaa kikaingia kidogo, kikatoka. Nikaweka kiganja kifuani pake.

"Tena," nikamwambia.